Maboya Manne ya Shadia

Kila asubuhi, kabla hajashika kisu chake cha kukatia maboya, Bibi Dunia alijaza maji kwenye chupa ya lita moja na nusu. Aliivisha chupa hiyo soksi nene ya kijivu ili jua lisiyachemshe maji, kisha akaiweka kizingitini. Kando yake aliweka kidonge kimoja kwenye kifuniko.

“Shikamoo bibi,” alisema Shadia akitoka chumbani na sare yake ya shule.

“Marahaba, mke mwenzangu. Meza hicho nikuone.”

Shadia alimeza, akafungua mdomo, akatoa ulimi nje kama mbuzi aliyeona chumvi. Bibi akacheka. “Haya. Na hiyo chupa irudi tupu, sawa?”

“Sawa bibi.”

Chupa ilirudi tupu, ni kweli. Ila aliyekunywa yale maji hakuwa Shadia. Alipokata kona ya nyumba aliificha chini ya ua wa minyaa, na mchana akirudi aliimwaga palepale kwenye mizizi. Wiki nzima minyaa ile ilikunywa maji kuliko mtu yeyote pale mtaani Kasingirima, Ujiji.

Shadia alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao watu wengi huuita sikoseli. Muuguzi wa kliniki alimwambia tangu akiwa mdogo: vidonge kila siku, maji mengi kila siku, baridi kali aikwepe, na akipata homa asisubiri kesho. Kwa miaka yote aliyafuata. Lakini anywaye sana huenda chooni sana, na darasa la sita lilikuwa na macho. Kiranja Bonaventura alimpa jina la Kidumu. Kila Shadia akinyoosha mkono kuomba ruhusa, Bona alinong'ona kwa sauti ya kusikika hadi dirishani: “Kidumu kimejaa hicho, kinakwenda kumwagwa!” Darasa likaangua kicheko.

Hilo angelivumilia. Lililomchoma ni la Winfrida. Winfrida alikaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, wakigawana hata mhogo wa kuchemsha. Jumatatu moja Winfrida alichukua begi lake na kwenda kukaa nyuma kabisa, peke yake.

“Nimekukosea nini?” Shadia alimfuata wakati wa mapumziko.

Winfrida alitazama viatu vyake. “Mama kasema yale macho yako yakiwa ya njano yanaambukiza. Wengine wanasema ni mapepo ya ziwani. Mimi sisemi. Mama ndiye kasema.”

Siku hiyo Shadia aliapa moyoni. Kama chupa ndiyo inayomfanya mgonjwa machoni mwao, basi hana chupa. Atakaa darasani tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho bila kuomba ruhusa hata mara moja, na waone.

Ilikuwa katika wiki hiyohiyo ya ubishi ndipo Mwalimu Marcelina, mwalimu wa sayansi, alipoingia darasani na habari. Shule za msingi za manispaa zilikuwa zinaandaa maonyesho ya sayansi mjini Kigoma. Kila shule ingepata meza moja. Atakayesimama kwenye meza hiyo aeleze kitu kimoja cha mwili wa binadamu, kwa mfano aliouunda kwa mikono yake mwenyewe.

“Nani ana wazo?”

Mikono michache ilinyooshwa. Mmoja alitaka moyo wa udongo, mwingine meno. Shadia alisimama kabla hajaitwa.

“Mimi nitaonyesha damu yangu.”

Darasa lilicheka. Bona akadakia, “Utaileta kwenye kidumu?”

“Nitaileta kwenye karai,” alijibu Shadia bila kupepesa macho, “na wewe Bona utanibebea.”

Sasa kicheko kilimgeukia Bona. Mwalimu Marcelina hakucheka. Alimwambia Shadia abaki baada ya kipindi.

Walipobaki wawili, mwalimu alichukua uzi kwenye kikapu chake cha kushonea. “Umesikia tukisema dagaa, maharage na mayai vina protini. Sasa, mwili nao hutengeneza protini zake. Kila moja ni uzi mrefu wa punje ndogondogo, kama shanga. Lakini uzi haukai umenyooka. Hujikunja.” Aliukunja uzi ule vidoleni ukawa kitonge. “Kila kitonge kina umbo lake na kazi yake. Kuna sehemu ya kubebea mzigo. Kuna sehemu ya kumshikia mwenzake. Protini nyingi, kila moja ikiwa peke yake, haziwezi kitu. Hushikana, kila moja mahali pake, zikawa mtambo mmoja. Protini inayobeba hewa ya oksijeni kwenye damu yako ni vitonge vinne vilivyoshikana. Viwili vya aina moja, viwili vya aina nyingine.”

“Na yangu mimi ina kasoro gani?”

“Kwenye ile aina moja, uzi una punje mia moja arobaini na sita. Kwako punje moja imebadilika.”

“Moja tu?”

“Moja tu. Lakini ilibadilika mahali pabaya, upande wa nje, ikawa inanasa. Mtambo ukishashusha oksijeni yake, hunasa mtambo wa jirani ambao haukupaswa kushikana nao. Na huo nao hunasa mwingine. Hujipanga kama kamba ndani ya chembe ya damu, chembe ikapinda kama mundu, ikaziba njia. Hapo ndipo mifupa inapouma.”

Shadia aliuchukua ule uzi, akaukunja vidoleni. Miaka yote aliambiwa ana damu mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ubaya wenyewe ni punje moja kati ya mia moja arobaini na sita.

Jioni alimhadithia bibi yake. Bibi Dunia alikuwa amekaa mkekani, rundo la kandambili zilizochakaa mbele yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Aliokota na kukusanya kandambili zilizokatika, akazichonga maboya ya nyavu, na wavuvi wa Katonga na Kibirizi walikuja kuyachukua kwa magunia. Alisoma darasa la nne tu, lakini kisu chake hakikukosea.

“Punje imenasa mahali pasipo pake,” alisema bibi polepole. “Basi hilo mimi nalijua. Tazama boya. Hapa ni pa kamba. Hapa pembeni napachonga jino, liingie kwenye pengo la mwenzake yakae pamoja yasizunguke. Nikiacha kijino kingine huku nje, upande usiotakiwa, kinang'ang'ania wavu wa jirani. Wavu mzima unasokoteka. Niliwahi kufanya kosa hilo nikiwa msichana, kijino kidogo kama punje ya mchele. Wavuvi walirudi wananitafuta na makasia!”

Shadia alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akaacha kucheka, akalitazama lile boya. “Bibi, nipe kisu.”

Walifanya kazi siku tatu. Maboya mawili mekundu, mawili ya bluu, jino kwenye pengo, yakakamatana manne kuwa fungu moja. Walitengeneza mafungu kumi na mawili. Kwa nje ya kila boya la bluu Shadia alipachika mbegu ya kishona-nguo, zile mbegu zenye miiba zinazokunasa sketi ukikatiza vichakani. Hiyo ndiyo punje yake iliyobadilika. Sasa alihitaji mahali pa mbegu hizo kunasa kwenye fungu la jirani, kitambaa chenye nyuzi nyuzi. Alitazama huku na huku. Akaikata ile soksi ya chupa vipande vipande, akavibandika kwenye kila fungu.

“Na chupa itavaa nini?” aliuliza bibi.

“Haina haja ya soksi, bibi,” alijibu Shadia haraka, na hapohapo akayakwepa macho ya bibi yake.

Alhamisi saa nane mchana, siku nane kabla ya maonyesho, Mwalimu Mkuu Castory alitaka kuona mfano ule mwenyewe. Alikuwa mtu wa haki lakini mwoga wa lawama, na kuchaguliwa kwa Shadia kusimama mezani hakukumpendeza. Siku mbili nyuma alikwishamwambia Mwalimu Marcelina, “Mtoto huyu akianguka kule mbele za watu, tutajibu nini?” Kwa hiyo Shadia alijua: leo ndiyo leo. Akitetereka kidogo tu, meza itakwenda kwa mwingine.

Jua lilikuwa kali. Tangu usiku mguu wake wa kushoto ulikuwa unagonga ndani ya mfupa, na midomo ilimkauka. Alijiambia ni uchovu tu. Aliweka karai juu ya meza uwanjani, darasa zima likazunguka.

“Bona, lete maji,” alisema Mwalimu Marcelina.

Bona alirudi na ndoo yenye maji ya kufunika kitako tu. “Maji ya bomba yamekatika, mwalimu. Haya ndiyo yaliyobaki.”

Shadia aliyamimina. Karai lile lilikuwa jembamba chini na pana juu, kwa hiyo maji yalitengeneza kidimbwi kidogo tu katikati. Aliyaweka mafungu yake kumi na mawili, akaanza maelezo aliyokariri.

“Hizi ni protini zinazobeba oksijeni. Sasa hivi zinaelea kila moja peke yake…”

Hazikuelea kila moja peke yake. Nafasi haikuwepo. Mafungu yalisongamana bega kwa bega, mbegu zikapata soksi, soksi zikapata mbegu. Kabla hajamaliza sentensi yalikuwa yamenasana yote, mstari mmoja uliopinda kutoka ukingo hadi ukingo.

“Mbona yameshikana mapema?” aliuliza Winfrida kutoka nyuma. Ilikuwa mara ya kwanza kuongea siku hiyo.

“Maji machache,” alisema mtu. “Yamebanana.”

Shadia aliitazama ile kamba ya maboya. Mguu uligonga. Maji machache, yamebanana. Aliyaona yale maji ya asubuhi yakizama kwenye mizizi ya minyaa, siku baada ya siku, na ndani ya mguu wake, mahali ambapo jicho halifiki, kamba kama hii ikijisuka. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Karai lake mwenyewe ndilo lililomwambia.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kuyatenganisha kwa mkono, akacheka, akaendelea, maana zilibaki dakika chache tu. Mwalimu Mkuu, aliyedhani ndivyo ilivyopangwa, alikuwa anaitikia kwa kichwa.

“Mwalimu,” alisema, “mguu unaniuma sana. Na sijanywa maji shuleni tangu wiki iliyopita. Namwaga.”

Mwalimu Marcelina alimshika kabla hajaanguka.

“Nilisema mimi!” alifoka Mwalimu Castory, na woga ndio uliompandisha sauti. “Nilisema! Jina lake lifutwe. Bonaventura, wewe ndiye utasimama pale mezani.”

“Mimi?” Bona alirudi nyuma hatua mbili. “Mwalimu, mimi hata sijui boya jekundu ni la nini. Mimi kazi yangu ni kubeba karai.”

Shadia alikuwa amekalishwa kwenye benchi, machozi ya maumivu yanamtiririka, lakini kidevu alikiinua juu. “Mwalimu Mkuu, nimekosa kwa kutokunywa maji. Hilo nimekosa na naomba radhi. Kuugua sijakosa.”

Mwalimu Castory alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. “Kwanza hospitali,” alisema mwishowe kwa sauti ya chini. “Ukirudi na karatasi ya daktari inayosema umepona, tutazungumza.”

Alilazwa siku mbili. Walimtundikia dripu ya maji, wakampa dawa ya maumivu, na daktari akasema amewahi. Angechelewa zaidi yangekuwa mengine. Bibi Dunia alikaa kando ya kitanda na rundo lake la kandambili. Hakugomba. Siku ya pili ndipo aliposema, kama mtu anayezungumza na kisu chake:

“Nilikuwa nashangaa. Kiangazi kikali hivi, minyaa yetu upande mmoja inachipua kama ya msikitini penye maji ya udhu.”

Shadia alijifunika shuka usoni. Chini ya shuka ilisikika sauti ndogo: “Nisamehe bibi.”

“Nimekusikia.” Bibi aliweka chupa kwenye kimeza, imejaa maji, bila vazi, inang'aa. “Soksi uliikata mwenyewe, kwa hiyo utaibeba hivihivi, kila mtu aione. Sasa kunywa.”

Akanywa.

Karatasi ya daktari alimpelekea Mwalimu Mkuu kwa mikono miwili. Mwalimu Castory aliisoma mara ya kwanza, akaisoma tena, akasema neno moja tu, “Nenda,” kisha akaongeza, “na maji ya kutosha. Ya karai, na yako.”

Ijumaa ya maonyesho, bajaji moja ilibeba Shadia, Mwalimu Marcelina na gunia la maboya hadi uwanja wa shule moja mjini Kigoma. Bona alikuwa amekumbatia makarai mawili, sura yake haionekani. Wazazi walikuja wengi. Shadia aliweka chupa yake katikati ya meza, mbele ya kila kitu.

Mzee mmoja mwenye fimbo alisogea. “Binti, hii si ile ya mapepo? Kwetu watu walikwenda kuaguliwa.”

“Hapana babu. Shikamoo. Pepo angekuwa na akili ya kunisumbua siku za mtihani tu,” alisema Shadia, watu wakacheka. “Hii ni punje moja iliyokaa mahali pasipo pake. Tazama.”

Alieleza bila karatasi: vitonge vinne, kila kimoja na sehemu yake ya kubeba na sehemu yake ya kushika, na ile punje moja inayonasa asiyetakiwa. Kisha akayaweka mafungu sita kwenye karai la maji machache. Yakabanana, yakanasana, kamba ikapinda. “Hivi ndivyo nilivyokuwa wiki iliyopita,” alisema, “kwa sababu niliona aibu kubeba chupa.” Akamwonyesha Bona kwa kidole. Bona alijaza karai la pili mpaka ukingoni, uso wa maji ukapanuka, na mafungu mengine sita yakaelea kila moja na nafasi yake. Mawili yaligongana, yakanasana, wakaguzi wa maonyesho waliofika mezani wakainama kutazama.

“Ndiyo, mawili yamenasana,” Shadia alisema kabla hawajauliza. “Maji hayaponyi. Punje yangu ipo palepale. Lakini mawili si sita.”

Mama mmoja aliyejitanda kitenge cha manjano alisogea mezani. Winfrida alikuwa amemshika mkono. “Kwa hiyo,” alisema yule mama taratibu, “mtu akikaa na wewe dawati moja…”

“Atapata mhogo wangu tu, mama,” alijibu Shadia. “Ugonjwa huu hauambukizi. Ili uwe nao lazima uzaliwe nao, umepewa punje hiyo na baba na mama, wote wawili. Kwa macho yangu, hata ukiyatazama mwaka mzima, huupati.”

Yule mama aliyatazama macho ya Shadia, kweli, kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Nimekuelewa mwanangu. Na nilikosea kusema.” Haikuwa rahisi kwake kulisema.

Zawadi ya kwanza ilikwenda kwa shule iliyoleta mapafu ya mfuko wa plastiki yanayopumua. Bona alinuna njia nzima kuliko Shadia. Jumatatu, kabla ya kengele, dawati lilisikika likikwaruzwa sakafuni kutoka nyuma hadi mbele. Winfrida alikaa, akatoa mhogo kwenye begi, akaukata katikati. Shadia alipoinua mkono kuomba ruhusa, Bona alifungua mdomo kwa mazoea, akaona macho ya darasa zima yamemgeukia, akasema tu, “Pita haraka, kipindi kinaanza.”

Jioni hiyo Shadia alikaa mkekani na bibi yake, akichonga meno ya maboya halisi sasa, ya wavuvi.

“Bibi, unajua watu wananiita mbishi?”

“Wanasema kweli,” alisema Bibi Dunia. “Na mimi sikukatazi ubishi, mke mwenzangu. Mwanamke asiye na ubishi hafiki mbali hapa Ujiji. Lakini sikiliza vizuri. Watu wakikuambia una mapepo, wabishie. Wakikuambia hufai kusimama mbele, wabishie mpaka wachoke. Wakikucheka, simama. Ila mwili wako usiubishie. Mwili ukikuambia una kiu, una maumivu, umechoka, huo hausemi uongo wala hauna kinyongo nawe. Ulimwaga maji yako ili uwakomoe wao, na aliyekomolewa ni nani?”

“Mimi.”

“Basi. Ubishi wako ni kisu hiki. Ukikishika mpini, unachonga nacho. Ukikishika makali, damu ni yako.” Akamwangalia mjukuu wake. “Na siku ile uliposema ukweli mbele ya mwalimu mkuu, wakati uongo ungekupa meza, hapo ndipo ulipokishika mpini.”

Shadia aliligeuza boya mkononi, akakata kijino kidogo kilichobaki upande wa nje, kile kisichotakiwa, kisinase wavu wa mtu. Kisha akaifungua chupa isiyo na soksi, akanywa kwa mikupuo mirefu, maji yakimtiririka kidevuni, mlangoni kabisa, mahali ambapo kila mpita njia angemwona.